Chumba Kimoja, Njia Nne za Kwenda Mbinguni

Nyinyi vijana mliokabidhiwa funguo za kanisa la kambi, nasikia mmeanza kulalamika hata mwezi haujaisha. Mmoja wenu alinipigia simu juzi akaniuliza, "Mama Ayiko, wewe uliwezana na hawa watu namna gani?" Nilicheka mpaka wajukuu wakaja kuchungulia. Sasa nimekaa hapa Kasubi kwa binti yangu, miguu imevimba lakini mdomo ni mzima, basi nitawaandikia. Someni taratibu, na aliyeacha maji ya mopu katikati ya mlango Jumapili iliyopita ajue nimeambiwa.

Kwanza niwaambie mlichopokea, maana naona mnadhani mmepokea ufagio. Ule ukumbi wa mabati ndani ya kambi yetu, upande wa Nakawa, ulikuwa stoo ya magodoro ya polisi. Wakubwa waliamua watu wasali, wakatoa chumba kimoja tu, na watu wa kambi wametoka kila pembe ya Uganda, kila mmoja na dini ya bibi yake. Waislamu walikuwa na msikiti wao karibu na geti, hao hawakunisumbua kamwe. Wakristo ndio waliobanana. Jumamosi wanaingia Waadventista. Jumapili saa moja asubuhi Wakatoliki, saa tatu Waanglikana, saa tano walokole wa Pasta Bahati, na hao hutoka Roho akipenda. Kati ya ibada na ibada una dakika ishirini za kubomoa kanisa moja na kujenga lingine. Nilifanya hivyo miaka ishirini na sita.

Aliyenifundisha ni Mzee Okumu, konstebo mstaafu aliyeshika funguo kabla yangu. Mzee alikuwa mkali na mfupi wa maneno. Siku ya kwanza alinipa ufagio akasema, "Sikia, mama. Hapa kila mutu nakuja na Mungu yake. Wewe nafagia. Wakikuuliza nani iko na ukweli, uliza wao kama nataka chai."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza na bado inafanya kazi. Ya pili ni ya vyombo. Wakatoliki wanataka altare mbele kabisa, kitambaa cheupe, mishumaa miwili. Waanglikana wanataka meza hiyo hiyo, lakini usiiite altare mbele ya Kasisi Mukasa, yeye huiita meza ya Bwana. Walokole meza hawaitaki, wanataka nafasi ya kurukia na soketi inayofanya kazi. Waadventista, kila robo mwaka, wanataka mabeseni ya kuoshana miguu, na mabeseni hayo msiyaazime kwa mama anayefulia nguo za askari, kwa sababu siku moja Mzee Baluku, mzee wao wa kanisa na dereva wa kambi, aliosha miguu ya dereva mwenzake ikatoka na rangi ya buluu.

Halafu kuna msalaba. Zamani tulikuwa na misalaba miwili, mmoja una sanamu ya Bwana, wa Wakatoliki, mwingine mtupu, wa wengine. Kuushusha mmoja na kuupandisha mwingine kulitaka ngazi na wanaume wawili. Mzee Okumu akamwita fundi seremala, akatengeneza mmoja wenye nyuso mbili, unaoning'inia kwenye ndoano: upande huu Bwana yupo, upande ule ameshafufuka. Unaugeuza tu. Kazi ya sekunde tatu, na katika miaka yote nilisahau mara moja tu.

Siku hiyo nilikuwa na homa, na Waanglikana walisali hivyo hivyo bila kuniambia. Walokole waliingia, wakaimba, Pasta Bahati akasimama. Pasta ni mtu wa Bukavu, alikuja Kampala kama mkimbizi, na akihubiri jasho linamtoka kama aliyebeba magunia. Na somo la siku hiyo lilikuwa nini? Sanamu! Saa nzima aliwakemea wanaoinamia sanamu, na nyuma ya kichwa chake Bwana ameinamisha kichwa anamsikiliza. Watu wanaona, wanaogopa kusema. Mume wangu alikuwa benchi la mwisho, amejiziba mdomo kwa kofia ya kazi, mabega yanatikisika. Mwishowe Pasta aligeuka ili ainue mikono, akaona. Nilidhani leo kazi imekwisha. Basi yule mtu akausogelea msalaba akaugeuza mwenyewe, polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, akasema tu, "Bwana asifiwe." Mimi nikampenda tangu siku ile, ingawa alikuja kunitia uchungu baadaye.

Kosa langu la pili ni la maji. Padri Otim alikuwa amebariki ndoo nzima ya maji kwa ajili ya Pasaka, akaiacha kwenye kona. Mimi nikaona ndoo, nikaona sakafu chafu. Padri alirudi akanikuta nimeshafika mlangoni na mopu. Alitazama ndoo, akatazama sakafu inayong'aa, akasema kwa ile sauti yake ya Kiacholi, "Kale, sawa mama. Leo shetani atapita wapi?" Tangu siku hiyo nikaandika karatasi na kuibandika: ULIZA KABLA HUJAMWAGA. Naambiwa mmeiondoa. Irudisheni.

Msifikiri kwamba nilikuwa nafagia tu. Ukifagia huku unasikiliza mahubiri manne kila wiki, unasoma chuo bila ada. Na mara moja kwa mwezi wale wanne walikutana kwenye kile chumba kidogo cha nyuma kugawana saa, mimi nikiwaandalia chai, na kila mara mkutano wa saa uligeuka kuwa mkutano wa mbinguni. Nakumbuka siku moja Pasta alimbana Padri.

"Padri, weye uliokoka siku gani? Miye niko na tarehe. Niko hata na saa."

Padri akachovya mkate kwenye chai. "Mimi bado naokolewa. Nilianza kwa maji nikiwa mutoto, nakula Ekaristi, naanguka, natubu, naendelea. Siku gani nimefika, hiyo utauliza nikikufa. Na hata hapo niombee."

"Nikuombee? Ukikufa umefunga hesabu!"

Kasisi Mukasa, mtu mpole wa Kiganda, akaweka kikombe chini. "Bassebo, mabwana, nyinyi wawili mnazungumza kama mtu ndiye anajiokoa. Ni neema. Unaipokea kwa imani, kwisha. Matendo yanakuja nyuma, kama matunda."

Mzee Baluku alikuwa anakunywa maji ya moto matupu, maana chai haitumii. Akasema, "Mnagombana nani amefika, na Bwana mwenyewe bado hajarudi. Waliokufa wote wamelala. Ngojeni parapanda."

Mimi nikauliza nani anaongezewa chai.

Lakini kichwani nilikuwa napanga maneno yao kama ninavyopanga viti. Kwa Padri wokovu ni kama kulea mtoto, kila siku unapika tena. Kwa Pasta ni kuzaliwa, lazima ujue siku. Kwa Kasisi ni zawadi, mikono yako ni ya kupokelea tu. Kwa Mzee Baluku ni ahadi, na aliyelala hapotezi kitu kwa kungoja. Niliwaelewa wote, na kila mmoja akiongea niliona ana haki. Hilo ndilo tatizo la kazi hii, jitayarisheni nalo.

Mambo mengine yamebadilika, nakubali. Siku zangu kengele ilikuwa kipande cha reli, siku hizi mnatuma ujumbe kwenye kundi la simu. Biblia ziko kwenye simu pia, na mtu akiinamisha kichwa hujui anasali au anaangalia mpira. Na lile tangi la saruji la kuzamishia watu, nimesikia mnataka kulifunika kwa sababu walokole siku hizi wanakwenda kwenye bwawa la hoteli. Msilifunike. Ngoja niwaambie kwa nini lile tangi linanihusu.

Mume wangu, Sajini Anguyo, alikuwa askari wa geti. Mrefu, mweusi tii, mtu wa Arua kama mimi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kukataa alikuwa hajui. Alibatizwa na Wakatoliki akiwa mchanga huko nyumbani. Tulipohamia kambini, Kasisi Mukasa alikuwa na darasa la kipaimara, Anguyo akawekwa alinde mlango. Mvua ikanyesha, akaingia ndani, akakaa. Wiki iliyofuata wakamwekea kiti. Askofu alipokuja, mstari ukapita mbele yake, na yeye akapiga magoti kwa sababu wenzake walipiga magoti. Jina lake likaandikwa kwenye kitabu cha Waanglikana.

Kisha likaja tangi. Lilikula jerikeni mia moja, na bomba la kambi lilikuwa mbali. Nani alibeba maji? Yeye, Jumamosi nzima, kwa baiskeli. Jumapili Pasta akaita watu wa kubatizwa, na mama wa kwanza alipoona kina akarudi nyuma, na wote waliomfuata wakarudi nyuma. Pasta amesimama majini mpaka kifuani, mikono wazi, hakuna mtu. Anguyo akavua viatu, akaingia. Akazamishwa, akatoka anapiga chafya, na hapo wale akina mama wakapata moyo, wakaingia wote kumi na mmoja.

Padri Otim aliposikia alimwita. "Sajini, ubatizo ni moja. Mutu anazaliwa mara moja."

"Padri," mume wangu akasema, "maji ilikuwa imejaa tayari, na hakuna mutu alitaka kuingia."

Jumamosi nayo alikula chakula cha Waadventista na kuosha miguu pamoja nao. Na siku ya mshahara alikunywa waragi wake kidogo na wenzake, akarudi anaimba. Walokole walipomuuliza kama ameokoka alijibu, "Mungu anajua. Mimi nalinda geti." Mimi jibu hilo lilinichekesha miaka yote. Sikujua kuna siku nitatamani angejibu vizuri zaidi.

Alianguka getini Alhamisi moja asubuhi, zamu ikiwa haijafika nusu. Moyo. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Ilipangwa sala zifanyike kwenye kanisa la kambi Ijumaa saa nne, kisha basi litupeleke Arua tukazike. Akaja afande wa ustawi na karatasi yake. "Pole sana, mama. Mimi nataka jina moja tu. Nani anaongoza sala?"

Miaka yote ile najua nani anataka mshumaa na nani hataki, na mume wangu mwenyewe sijui nimwekee nini.

Mchana huo tulikuwa tunamenya matoke nje ya nyumba, na mama mmoja wa kanisa la Pasta, mtu mwema, aliyekuja na kisu chake mwenyewe kunisaidia, akasema kwa huruma kabisa, "Bambi, maskini, Sajini alikuwa mutu muzuri. Tatizo ni hakuokoka." Akachukua ndizi nyingine. Nyinyi bado wadogo, hamjui neno kama hilo likiingia linakaa wapi. Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyonitoa machozi. Je, kama ni kweli? Je, kama wakati mimi nasugua sakafu zao, mtu wangu alikuwa anapotea mbele ya macho yangu, na mimi nikimimina chai?

Nikawaendea wote wanne, jioni ile ile kabla jua halijazama. Sikuuliza habari ya sala tu. Niliuliza, "Anguyo yuko wapi?"

Padri alinishika mkono. Alisema ataomba, lakini alikuwa na wasiwasi, maana Sajini alikwenda kuzamishwa kwa wengine na hakurudi kutubu. Kasisi aliniambia rehema ya Mungu ni pana, ila kwa miaka mingi hakumwona mezani pa Bwana, afadhali nimuulize Padri kwanza. Mzee Baluku alisema, "Amelala, mama. Hasikii maumivu, hasikii maneno ya watu." Hilo lilinipoza kidogo, lakini naye akaongeza kwamba hakuwa mshiriki wao. Pasta Bahati alinitazama, macho yamejaa machozi.

"Mama, miye siwezi kukudanganya. Nilimuzamisha na hii mikono. Lakini sikusikiaka kinywa yake ikikiri."

Ijumaa saa nne jeneza likawa katikati ya ukumbi. Watu wamejaa mpaka nje, askari wenzake, akina mama, vijana wa mpira. Na mbele hapakuwa na kitu. Altare hakuna, meza hakuna, hata kitambaa. Sikupanga. Nilikaa benchi la kwanza na binti yangu, kama mjane yeyote. Wale wanne walikuwa ndani ya chumba cha nyuma, na nyinyi mnajua ule mlango ni wa mbao nyembamba, kila kitu kinasikika.

"Padri, huyu ni wako," hiyo sauti ya Pasta.

"Wangu namna gani? Wewe ndiye ulimzamisha."

"Nilizamisha, lakini jina iko kwa kitabu ya Kasisi."

"Jina lipo, ndiyo, lakini..."

Ukumbi mzima ulisikia. Binti yangu akainamisha kichwa. Nikasimama, nikaenda nikafungua ule mlango bila kubisha hodi.

"Nyinyi wote wanne," nikasema, "maji yenu nani alibeba? Meza yenu nani aliinua? Ile mvua ilipobomoa paa, nani alipanda juu? Alikuwa wenu nyinyi wote akiwa na nguvu. Leo iko ndani ya sanduku, sasa iko ya nani? Kama hakuna mutu wa kumuombea, kaeni. Mimi nitaomba."

Sikuwahi kuomba kwa sauti katika ukumbi ule. Sauti yangu humo ilikuwa inajulikana kwa maneno mawili, chai tayari. Nikasimama karibu na jeneza, nikaweka mkono juu ya mbao, na kwa kuwa sikuwa na maneno yangu mwenyewe, yakatoka yale niliyoyasikia nikiwa nafagia. Nikamwomba Bwana ampe raha ya milele na asizitazame dhambi zake. Nikamwambia huyu hana kitu mkononi cha kukulipa, mpokee kwa neema tu. Nikamwambia mwache alale salama, asisumbuliwe na mtu, mpaka siku utakapomwita kwa jina. Nikamwambia umwoshe kwa damu yako, maana maji ameshaogeshwa ya kutosha. Hapo watu wengine walicheka huku wanalia, na mimi pia. Nikamaliza, "Baba, mimi nimekufanyia kazi hapa siku nyingi, sijakuomba kitu. Leo naomba huyu."

Nikasema Amina, na Amina ikarudi kutoka nyuma yangu. Nilipogeuka, wale wanne walikuwa wamesimama mlangoni wamebanana, mabega yanagusana kwa sababu ule mlango ni mwembamba. Baada ya hapo walikuja mbele, kila mmoja akasema sala yake, fupi, hata Pasta. Afande wa ustawi aliandika nini kwenye karatasi yake sijui.

Najua mtaniuliza, maana kila kijana huniuliza: katika hao wanne, nani alikuwa na ukweli? Watumishi wale waliamini walichokiamini kesho yake kama jana yake, na walirudi kugombana kwenye chai mwezi uliofuata. Mimi sikuwabadilisha, wala sikutaka. Wala sijui jibu. Ninachojua ni kilichotokea saa sita, pale nje, basi likiwa limeshawashwa.

Pasta Bahati alinifuata mlangoni mwa basi. Alikuwa ameshika koti lake mkononi, shati limelowa.

"Mama," akasema, "ile maombi yako, miye nimeitafuta sijaipata. Ilikuwa ya dini gani?"

"Na mimi sijui, Pasta," nikamwambia. "Lakini wewe uliitikia Amina."

Alinitazama, akatazama lile jeneza nyuma ya basi. Kisha akapanda, akakaa karibu na binti yangu, akaenda nasi mpaka Arua.